Afande: Neno la Kale Lililosalia Kambini

Mwanafunzi mpendwa, ukisikia askari akiitwa “afande” huko Dranya, wilayani Koboko, tambua kwamba umesikia neno la kale. Asili yake ni “efendi”, jina la heshima la Kituruki. Lilipitia Misri na Sudani, likatumiwa na askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Uturuki ilikifuta cheo hicho kwa sheria mwaka 1934. Lakini katika jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, Idi Amin alikipata mwaka 1959.

Tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, ila wapo wanaokiogopa bado kwa kumbukumbu za kambini. Basi kumbuka: afande ni neno la heshima. Litamke bila woga, nawe ustahili kuheshimiwa.