Iten: Kambi ya mbio inayomtaka mgeni ajifunze kwanza kwenda polepole

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam aliyezoea kukimbia kilomita 10 kila Jumapili asubuhi kando ya Coco Beach, siku akifika Iten nchini Kenya hukutana na jambo lisilomfurahisha. Kilomita mbili za kwanza humwacha akihema kama mtu aliyepanda ghorofa tano akiwa na gunia la mkaa begani.

Si kwamba mwili wake umeharibika njiani. Iten iko mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye ukingo wa bonde la Kerio katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Katika mwinuko huo kiasi cha oksijeni katika hewa ni kile kile cha asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa yenyewe umeshuka hadi kufikia takriban robo tatu ya ule wa pwani. Kwa maneno mengine, kila pumzi anayovuta mgeni huyo ina oksijeni pungufu kwa robo moja kuliko pumzi aliyoizoea nyumbani.

Upungufu huo ndio unaowavuta wakimbiaji kutoka kila pembe ya dunia. Figo zikihisi oksijeni imepungua huongeza homoni iitwayo erithropoietini, na homoni hiyo huuamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Mwanariadha akirudi bondeni akiwa na chembe hizo za ziada, misuli yake hupata oksijeni nyingi kuliko awali.

Dunia ilipata somo hilo mwaka 1968, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Mexico City, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Kipchoge Keino wa Kenya alitwaa dhahabu ya mita 1,500 na mwenzake Naftali Temu ile ya mita 10,000. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya umbali huo, alimaliza wa sita na kuanguka akiwa amepoteza fahamu, ikabidi apewe oksijeni. Ni katika michezo hiyo ambapo Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia mguu katikati ya marathoni na bado akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, wakati giza limekwisha kuingia.

Iten yenyewe ilianza kujulikana baadaye. Mwaka 1976 mmisionari kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika kufundisha katika shule ya sekondari ya St. Patrick's na akaanza kuwanoa vijana. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Lornah Kiplagat, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2007 na 2008 akiiwakilisha Uholanzi, alijenga hapo kituo cha mazoezi chenye malazi, na wageni wakaanza kumiminika. Uingereza ilimpeleka huko Mo Farah. Baada ya mabingwa wakafuata watu wa kawaida: walimu, mawakili, wahasibu, wengine wakiwa wamekusanya likizo ya mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo.

Hapa neno kambi linahitaji ufafanuzi, kwa kuwa huwachanganya wengi. Kambi ya wanariadha wa kulipwa, mfano ile ya Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, si mahali ambapo mtu hulipa na kupewa kitanda. Huko hukaa wanariadha waliochaguliwa, wanaofua nguo zao, kuchota maji na kusafisha vyoo kwa zamu. Kambi anayoweza kujiunga nayo mkimbiaji wa ridhaa ni ya aina nyingine: nyumba ya wageni au kituo cha mazoezi kinachotoa chumba, milo mitatu na, kwa anayetaka, ratiba ya mbio na mtu wa kukimbia naye. Mtu huyo wa kukimbia naye mara nyingi ni kijana wa hapo hapo, na malipo yake hukubaliwa kabla. Mgeni mwenye busara humweleza mapema kwamba anataka mwenza, hatafuti mshindani.

Siku ya kambi huanza mapema. Saa 12 asubuhi, baridi ikiwa bado kali, makundi ya wakimbiaji huonekana yakipita kwenye barabara za udongo mwekundu. Wengi hukimbia tena kidogo jioni majira ya saa 10. Katikati ya hapo hakuna shughuli ya maana zaidi ya kula na kulala: chai ya maziwa, ugali, sukuma wiki, maharage, usingizi wa mchana. Mgeni kutoka mjini, aliyezoea kujaza kila saa kwa jambo fulani, huona uvivu. Wenyeji huona hiyo ni sehemu ya kazi.

Kila Alhamisi asubuhi hufanyika zoezi maarufu la fatleki, ambapo mamia ya wakimbiaji huondoka pamoja na kubadili mwendo, dakika moja kasi na nyingine polepole, katika njia za kupanda na kushuka. Hakuna kiingilio wala mlinzi wa kuuliza mtu ametoka wapi. Mkimbiaji wa ridhaa huachwa nyuma ndani ya dakika chache na hakuna anayemcheka. Lakini asiingie humo katika wiki ya kwanza.

Wiki hiyo ndiyo inayoharibu safari za watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Mgeni amelipa nauli, amehesabu siku zake za likizo na anataka kuona faida tangu siku ya pili. Anaitazama saa ya mkononi, anaona inamwambia dakika 6 na nusu kwa kilomita wakati nyumbani hukimbia kwa dakika 6, anaona aibu, anaongeza mwendo. Siku ya nne hapati usingizi, kichwa kinauma, hamu ya chakula imepotea na mapigo ya moyo asubuhi yako juu kuliko kawaida. Anarudi Dar es Salaam akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Kanuni inayofuatwa na makocha wengi ni rahisi. Siku mbili za kwanza ni za kutembea. Zinazofuata ni za mbio nyepesi, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, na saa iachwe chumbani. Mlima ukiwa mkali, atembee. Hata mabingwa wa Iten huanza mazoezi yao ya asubuhi kwa mwendo wa pole kiasi cha kumshangaza mgeni. Maji nayo yanywewe kwa makusudi, kwa sababu hewa ya huko ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu wa pwani, ambaye hupima kiu yake kwa fulana iliyolowa, hudanganyika.

Chembe mpya za damu nazo hazitokei kwa siku tano. Homoni hupanda ndani ya siku moja au mbili, lakini ongezeko lenye maana la chembe nyekundu huhitaji wiki tatu hadi nne. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mwenye likizo ya siku 10 asidanganywe kwamba ananunua damu mpya. Anachoweza kupata ni utaratibu: kulala mapema, kukimbia polepole siku za polepole, kupumzika bila kuona haya. Hilo nalo lina thamani yake, ila mtu ajue analipia nini.

Aidha, mwili hautengenezi damu bila madini ya chuma. Mwenye upungufu wa damu, na wanawake wengi wamo katika kundi hili, atapanda mlimani na kushuka bila faida yoyote. Ni vyema kupima damu wiki kadhaa kabla ya safari, ili daktari apate nafasi ya kurekebisha kasoro.

Kipimo hicho kina sababu nyingine kubwa zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na watu waliorithi kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo ni wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Wengi wao hawajui. Pwani huishi na kukimbia bila tatizo. Lakini hewa inapokuwa nyepesi, maji yakipungua mwilini na misuli ikitumikishwa kupita kiasi, baadhi ya chembe zao zinaweza kupinda na kuziba mishipa midogo. Bandama huathirika zaidi, na dalili yake ni maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mtu akiyasikia aache kukimbia na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye selimundu kamili asisafiri bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kinasaba kimoja anaweza kwenda, mradi ajijue na apande ngazi taratibu.

Jambo jingine ni dawa. Erithropoietini ile ile inayotengenezwa na figo hutengenezwa pia viwandani kwa ajili ya wagonjwa, na kuichoma kwa ajili ya mbio kumeharibu majina mengi. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016. Mgeni asikubali sindano wala vidonge vya kuongeza nguvu kutoka kwa mtu yeyote anayejifanya rafiki.

Safari yenyewe haina ugumu. Mtanzania haitaji viza kuingia Kenya, bali hati halali ya kusafiria. Kutoka Nairobi kuna mabasi na ndege hadi Eldoret, na kutoka hapo matatu za kwenda Iten, mwendo wa kilomita 35 hivi. Miezi ya Januari na Februari ni mikavu na barabara ni nzuri. Aprili mvua hugeuza udongo mwekundu kuwa tope linaloganda viatuni. Sweta zito lisiachwe nyumbani, hata kama mwenye safari ataona aibu kulifungasha katika joto la Dar es Salaam.

Kuhusu mashindano baada ya kurejea, makocha hawakubaliani. Wapo wanaotaka mtu akimbie ndani ya siku mbili za kwanza tangu ashuke, na wapo wanaosema asubiri wiki mbili hadi tatu mpaka mwili utulie. Kwa mkimbiaji wa Dar es Salaam jibu la pili lina uzito zaidi, maana joto na unyevunyevu wa pwani navyo huhitaji kuzoewa upya, na wiki tatu za baridi ya Iten zinatosha kumsahaulisha mtu jua la kwao.