Je, Wafinisia Walifika Amerika?

Mwaka 1872 barua ilifika Rio de Janeiro, Brazili, ikiwa na nakala ya maandishi ya ajabu. Aliyeituma alidai kwamba watumwa wake wamefukua jiwe huko Paraíba, na maandishi hayo yamechongwa juu yake. Ladislau Netto, mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa, aliyachunguza akaona ni Kifinisia, lugha ya mabaharia wa kale wa miji ya Tiro na Sidoni, katika pwani ya Lebanoni ya leo. Yalisimulia habari za mabaharia wa Sidoni waliotoka Bahari ya Shamu na merikebu kumi, dhoruba ikawatenganisha, wakatupwa kwenye pwani ya nchi ya mbali, wanaume 12 na wanawake 3.

Netto alilitafuta jiwe, hakulipata. Alimtafuta mwenye barua, naye hakupatikana. Mwaka 1885 akakiri hadharani kwamba maandishi yale yalikuwa ya kughushi. Hata hivyo, mwaka 1968 Cyrus Gordon, msomi wa Marekani, aliyafufua akisema ni ya kweli. Frank Moore Cross wa Chuo Kikuu cha Harvard alimjibu kwa kuonyesha kwamba herufi zake zimechanganywa kutoka karne mbalimbali, jambo ambalo mchongaji wa kale asingeweza kulifanya.

Jiwe likiwekwa kando, swali linabaki: je, vyombo vyao vingeweza?

Vingeweza. Wafinisia wa Tiro na Sidoni walikuwa mafundi hodari wa merikebu. Waliunganisha mbao kwa ndimi zilizotumbukizwa kwenye matundu, ubao kwa ubao, kisha wakazikaza kwa vigingi vya mti mgumu. Mwaka 2008, katika kisiwa cha Arwad nchini Syria, mafundi waliunda chombo cha namna hiyo kwa ajili ya Mwingereza Philip Beale, wakifuata mfano wa mabaki ya merikebu ya kale yaliyopatikana Marseille, Ufaransa. Chombo hicho, kilichoitwa Phoenicia, kiliizunguka Afrika nzima kufikia mwaka 2010. Mwaka 2019 kiling'oa nanga Tunisia, kikavuka Atlantiki hadi Jamhuri ya Dominika.

Upepo nao ni msaada mkubwa. Kusini ya Visiwa vya Kanari huvuma upepo wa kaskazini mashariki, mfano wa kaskazi yetu, ila huo haupishani na kusi. Ukilishika tanga, unakisukuma chombo magharibi wiki baada ya wiki. Mwaka 1970 Mnorwe Thor Heyerdahl aliondoka Moroko kwa chombo cha mafunjo, akafika Barbados baada ya siku 57. Lakini Beale na Heyerdahl walijua kwamba mbele kuna nchi kavu, na walijua ni umbali gani. Baharia wa Kifinisia hakujua, na upepo ambao ungempeleka ungemzuia kurudi kwa njia ileile.

Safari inayostahili kushangaza zaidi iko upande wetu wa dunia. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Farao Neko wa Pili wa Misri aliwatuma Wafinisia waizunguke Afrika kuanzia Bahari ya Shamu. Walitia nanga, wakapanda nafaka, wakasubiri mavuno, na mwaka wa tatu wakaingia Mediterania kupitia Mlango wa Gibraltar. Walisema kwamba walipokuwa wakielekea magharibi, jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodoto hakuamini. Lakini msomaji wa Dar es Salaam akitoka nje saa sita mchana mwezi Juni, akaelekeza uso magharibi, ataliona jua kuliani kwake. Si wanahistoria wote wanaoikubali safari hiyo, ila jambo alilolikataa Herodoto ndilo linaloipa nguvu. Kama ni kweli, watu hao walipita pwani ya Afrika Mashariki yapata miaka 2,600 iliyopita.

Kwa Amerika hakuna ushahidi wa namna hiyo. Waviking, mabaharia wa kale kutoka Ulaya ya kaskazini, walikaa muda mfupi tu L'Anse aux Meadows, Kanada, lakini waliacha misingi ya nyumba, msumari wa chuma, pini ya bronzi, na miti iliyokatwa mwaka 1021. Wafinisia hawajaacha hata kigae kimoja kilichothibitishwa na wachimbaji. Kuweza kufika ni jambo moja, kufika ni jingine, na hadi sasa hili la pili halijathibitishwa.

Suala la Wafinisia walifika wapi si mchezo wa wasomi tu. Mwaka 1891 Mwingereza Theodore Bent alichimba Zimbabwe Kuu, magofu ya mawe yaliyo katika nchi ya Zimbabwe, akadai kwamba kuta zake ni kazi ya jamii kutoka Arabuni yenye udugu na Wafinisia. Wakoloni waliishika hoja hiyo kwa mikono miwili, kwa kuwa iliwanyima Waafrika jengo lao wenyewe. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver aliikanusha mwaka 1905, naye mwenzake Gertrude Caton-Thompson akaikanusha tena mwaka 1929, baada ya kuchimba tabaka kwa tabaka. Waliojenga kuta zile ni mababu wa Washona.