Uwiano wa Bei ya Hisa kwa Faida: Kutoka Kampala hadi Bujumbura

Regideso, shirika la serikali la maji na umeme lenye makao yake Bujumbura, halina hisa sokoni. Kwa hiyo bei ya hisa yake haiwezi kugawanywa kwa faida ya mwaka ili kupata uwiano. Mfano wa karibu ni Umeme Limited ya Uganda (jina la Kiswahili, ingawa soko lake ni Kampala), iliyouza hisa mwaka 2012 kwa shilingi 275 za Uganda kila moja. Mkataba wake wa usambazaji ulikuwa wa miaka 20 tangu 2005. Kadiri ukomo ulivyokaribia, uwiano mdogo haukuwa dalili ya hisa rahisi: wanunuzi walihesabu miaka ya faida iliyosalia. Machi 2025 usambazaji ulirejea serikalini, na mabishano yakahamia kwenye kiasi cha fidia.