Tarehe ya Zizi la Ng'ombe Pwani ya Tanga

Anayetafuta historia ya ng'ombe katika magofu ya pwani ya Tanga atarudi mikono mitupu. Tongoni, yapata kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga kando ya njia ya Pangani, kuna msikiti wa zama za karne ya 14 na 15 pamoja na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa yamejengewa minara ambayo karibu yote imekwisha anguka. Waliosali wanajulikana walisali wapi, na waliokufa walizikwa wapi. Mifugo haina hata ukuta mmoja wa kuitaja. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba watu wa pwani hawakuwa wafugaji, au kwamba ng'ombe wao hawakuwa na thamani ya kujengewa. Hitimisho hilo lina kasoro. Mawe hujengwa pale ambapo kitu kimekusudiwa kukaa mahali pamoja, na ng'ombe wa pwani hii, kwa muda mrefu, hakupaswa kukaa mahali pamoja.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana hakuna awezaye kusema kwamba watu hawa hawakujua kujenga. Matumbawe ya baharini yalikatwa yakiwa mabichi, wakati bado ni laini na yanachongeka, yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Haya ndiyo yaliyochongwa kwa ajili ya mihirabu na vizingiti vya milango. Kuta zilipandishwa kwa mawe magumu ya nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo na kuyachoma hadi yawe unga, kisha unga ule ukaloweshwa na kuachwa uive kabla ya kutumika. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba. Kazi hiyo ilikula kuni nyingi, mikono mingi na muda mrefu. Aliyeifanya alikuwa akijengea wajukuu. Hakuna mwenye akili angeifanya kwa ajili ya uzio ambao baada ya masika mawili au matatu ungeachwa.

Atakayepinga atasema: huenda hapakuwa na ng'ombe kabisa, kwa sababu ya mbung'o. Ushahidi unamkatalia. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyeandika katika karne ya 10, aliwaeleza Wazanji, wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, kuwa watu waliopanda ng'ombe na kwenda nao vitani. Mifupa ya ng'ombe imefukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, Shanga katika kisiwa cha Pate ikiwa mojawapo. Karibu zaidi na Tanga wako Wasegeju. Waandishi wa Kireno waliwataja kuwa wafugaji walioishi kwa mifugo yao, na mwaka 1589 Wasegeju hao waliusaidia mji wa Malindi kuwashinda wavamizi walioitwa Wazimba. Baadaye wengi wao walihamia kusini na kutulia kaskazini mwa Tanga, katika pwani ambayo leo ni Mkinga. Kabila lenye tarehe ya namna hiyo haliwezi kuambiwa kwamba halikujua ng'ombe kwa kuwa tu halikuacha zizi la mawe.

Zizi la miti na miiba lina akili yake. Ng'ombe wakilala mahali pamoja muda mrefu, samadi hujaa, masika yakija huwa tope, kwato huoza, na kupe huongezeka. Malisho ya karibu nayo huisha. Dawa ya zamani ni kuhama: uzio husogezwa, na pale palipoachwa hulimwa, kwa kuwa udongo wake umenona. Pwani kuna sababu ya ziada, nayo ni mbung'o, anayemlazimu mchungaji kukwepa vichaka katika majira fulani. Ukuta wa chokaa ungemfunga mwenye ng'ombe kabla ya kuwafunga ng'ombe.

Huenda mtu akadai kwamba hiyo ni busara ya asiye na uwezo, na kwamba mwenye fedha angejenga imara. Ranchi ya Mkwaja yajibu. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni, kusini mwa Pangani, ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba. Ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 460, mabwawa, majosho na dawa za nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na pamoja na hayo yote ng'ombe wake walilazwa katika mazizi yaliyotawanywa nyikani. Ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watafiti waliopima mimea huko walikuta alama za mazizi zingalipo: katikati, mimea inayopenda udongo wenye rutuba, kuzunguka hapo, vichaka vya kikulagembe na migunga. Hilo ndilo gofu la mfugaji, na husomwa kwa kupima udongo na kutazama majani.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba Afrika Mashariki ina mazizi ya mawe. Thimlich Ohinga, huko Migori nchini Kenya, ina kuta zilizopangwa bila chokaa wala udongo, nyingine zikifika mita 4 kwenda juu, na ndani yake mna mazizi; mwaka 2018 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ina mazizi ya mviringo ya mawe katikati ya mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji. Lakini tazama hali zake. Thimlich ni ngome, na mifugo ilihifadhiwa mle pamoja na watu. Engaruka mashamba yalibana kila upande, hata wanaakiolojia wakaona kwamba ng'ombe walifungiwa na kuletewa majani, samadi ikirudi shambani. Kote kuwili mnyama alikuwa ametulizwa mahali, na mawe yalikuwa yameenea ardhini yakisubiri kuokotwa tu.

Tanga ya leo imefika hapo kwa njia yake. Tangu miaka ya 1980 ufugaji wa ng'ombe wa maziwa umeenea mjini na pembezoni, na maziwa yake ndiyo yaliyokilisha kiwanda cha Tanga Fresh katika miaka ya 1990. Ng'ombe hao hawachungwi. Banda lao lina sakafu ya zege yenye mteremko wa kupitisha mkojo, hori la kulishia na kuta za matofali, na majani hukatwa na kuletwa. Saruji imemfikia ng'ombe mara tu alipoacha kutembea. Anayemshauri mfugaji wa nyikani ajenge banda la kudumu ili aonekane wa kisasa na ajibu kwanza swali moja: majani ya kiangazi yatatoka wapi, na nani atayabeba?