Mwenyeji na Mgeni katika Baraza la Norfolk: Historia Fupi ya Hoteli Kongwe ya Nairobi

Utangulizi

Neno mwenyeji lina maana mbili kubwa katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni mtu ampokeaye mgeni, akampa maji, chakula na mahali pa kulala. Maana ya pili ni mzaliwa au mkazi wa asili wa mahali. Kwa sura yake neno hili limejengwa juu ya mwenye na mji, na katika desturi za watu maana zote mbili humwelekea mtu mmoja: anayefungua mlango ndiye ambaye mji ni wake. Wahenga waliposema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hawakuwa na haja ya kueleza ni mwenyeji yupi.

Ukoloni uliutia ufa umoja huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha ufa huo kwa kufuata historia ya nyumba moja, yaani Hoteli ya Norfolk ya Nairobi, ambayo baa yake ni miongoni mwa baa za kale kabisa za mji huo. Swali litakaloongoza maelezo ni hili: katika nyumba hii, mwenyeji alikuwa nani? Yafaa pia kulikumbuka neno la pili, baraza. Kwa watu wa pwani, baraza ni mahali pa mbele ya nyumba ambapo mwenyeji huketi na wageni wake. Vilevile baraza ni mkutano wa watu wenye madaraka ya kuamua mambo. Norfolk ilikuwa na baraza kwa maana zote mbili.

Wenye nyumba wa kwanza

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Mahali hapo palikuwa malisho ya Wamaasai, mpakani mwa nchi ya Wakikuyu, na jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Katika miaka ya mwanzo mji ulikuwa wa mahema, vibanda vya mabati na maduka ya Wahindi. Serikali ilipoanza kuwaalika walowezi wa Kizungu ili mazao ya mashamba yao yasaidie kulipa gharama za reli, Nairobi ilijaa watu waliosubiri kugawiwa ardhi. Watu hao walihitaji kitanda, chakula na kinywaji.

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Siku ya Krismasi, mwaka 1904. Waanzilishi wake walikuwa Meja C. G. R. Ringer na Aylmer Winearls, na jina walilolichagua ni la jimbo lililoko mashariki ya Uingereza. Uchaguzi huo wa jina si jambo dogo. Mlowezi aliyefika Nairobi baada ya safari ndefu ya meli na gari la moshi alilakiwa kwa jina la kwao, na watu wa kwao, katika nyumba iliyopangwa kwa desturi za kwao. Alikuwa mgeni wa Ringer na Winearls. Kwamba hao nao walikuwa wageni wa watu wengine ni jambo ambalo hakuna kitu ndani ya nyumba hiyo kilichomkumbusha.

Haikupita miaka mingi kabla ya hoteli hiyo kupewa lakabu ya Baraza la Malodi, kwa mfano wa lile baraza la juu la Bunge la Uingereza, kwa kuwa waungwana wa Kiingereza wenye vyeo vya ukoo walipenda kukutana hapo. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Lodi Delamere, kiongozi wa walowezi katika kuidai ardhi na madaraka, na masimulizi ya vituko vyake na vya wenzake katika baa hiyo ni mengi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka punde tu katika urais wa Marekani, alifika nchini kwa safari kubwa ya kuwinda wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na jina lake limekuwa miongoni mwa majina ambayo hoteli hiyo imejivunia tangu hapo.

Lakabu hiyo ilikuwa ya mzaha, lakini mzaha huo ulibeba ukweli. Halmashauri ya kutunga sheria ilianza mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, hakuteuliwa mpaka mwaka 1944. Katika muda wote huo mambo ya ardhi, kodi na kazi yalizungumzwa kwanza na walowezi wakiwa na bilauri mikononi. Baraza la kuketi na baraza la kuamua vilikuwa jirani sana.

Waliohudumu na waliozuiwa

Waafrika hawakukosekana Norfolk. Walipika, walifua, walitandika vitanda, walibeba mizigo, walichunga farasi na kumimina vinywaji ambavyo sheria iliwakataza wao wenyewe kuvinywa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeweka mipaka juu ya uuzaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni ya Kenya ikawazuia Waafrika vinywaji vya Kizungu kwa miaka mingi. Vizuizi hivyo havikuanza kulegezwa mpaka miaka ya 1940.

Mwafrika wa mjini aliyetaka kuburudika alitengewa mahali pengine. Mapema katika miaka ya 1920 Manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza pombe kwa Waafrika, ikafungua kilabu Pumwani. Wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani mwao na kuwauzia wapangaji na wapita njia wakageuka wavunja sheria. Kazi waliyokuwa wakiifanya ni ile ya mwenyeji kwa maana yake kamili, kwani walimkaribisha mtu wa mbali, wakampa kiti na kinywaji. Manispaa iliwanyang'anya kazi hiyo na faida yake. Hivyo mji mmoja ukawa na nyumba mbili za kunywea zilizokuwa mbali kabisa kwa hadhi, na katika zote mbili Mwafrika hakuwa mwenye nyumba.

Machi 1922

Tukio lililoziweka wazi zaidi maana mbili za neno mwenyeji lilitokea hatua chache kutoka Norfolk. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikuwa wameunda chama kilichowaunganisha wafanyakazi wa Nairobi wa makabila mbalimbali. Malalamiko yao yalijulikana: kipande, kodi ya kichwa na ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Methali husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika Kenya ya miaka hiyo mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, tena kwa amri.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikuwa umekusanyika mbele ya kituo cha polisi alikofungwa. Wajumbe waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali walirudi wakawasihi watu watawanyike. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua nguo yake mbele ya wanaume, ishara ya dharau na laana kuu katika mila za Wakikuyu, akawaambia wanaume wampe yeye suruali zao ikiwa wanaogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele, na risasi zikaanza kulia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Kwa ushahidi wa wengi, waliofyatua risasi hawakuwa askari peke yao. Wazungu waliokuwa wameketi katika baraza la Norfolk nao waliupiga umati kutoka huko. Idadi ya waliokufa iliyotangazwa na serikali ni 21. Hesabu nyingine zilizotolewa ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu, wala hakurudi kwa karibu miaka tisa.

Hapa ndipo neno baraza linapofikia ukomo wake. Katika mila za Waswahili mtu aketiye barazani humwita mpita njia aje apumzike. Siku ile mpita njia alikuwa mwenye nchi, na kilichomfikia kutoka barazani kilikuwa risasi.

Mgeni wa wageni

Mwaka 1927 Norfolk ilipata mwenyewe wa aina nyingine. Abraham Block alikuwa Myahudi wa kutoka Lithuania, ambayo wakati wa utoto wake ilikuwa chini ya Urusi. Alipitia Afrika Kusini na kufika Kenya mwaka 1903, mwaka ule ule ambao serikali ya Uingereza ilipendekeza Wayahudi wapewe makazi katika nyanda za Uasin Gishu, pendekezo ambalo Wazayuni walilikataa mwaka 1905. Block alianza kwa umaskini. Inasimuliwa kwamba katika kazi zake za mwanzo alitengeneza magodoro ya nyasi kwa ajili ya vitanda vya Norfolk. Aliyewashonea malodi magodoro akaja kuwa mwenye vitanda. Mwaka 1947 aliongeza Hoteli ya New Stanley, na jamaa yake ikawa na jina kubwa katika biashara ya hoteli nchini.

Maendeleo ya Block yaonyesha kuwa hata miongoni mwa walowezi palikuwa na ngazi. Yeye hakuwa lodi wala Mwingereza. Alikuwa mgeni kwa wageni. Hata hivyo, ngazi aliyoipanda ilikuwa wazi kwa mtu mweupe maskini, na ilikuwa imefungwa kwa mpishi wa Kiafrika, hata kama alifanya kazi katika nyumba ile ile kwa miaka mingi. Tofauti kati ya watu hawa wawili haikuwa bidii. Mmoja aliruhusiwa kumiliki ardhi, kukopa fedha na kuingia kwa mlango wa mbele.

Bomu na baada yake

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kila aliyeweza kulipa. Norfolk ilibaki mikononi mwa jamaa ya Block, na uhusiano wa jamaa hiyo na Israeli ulijulikana. Mwezi Julai 1976 ndege za Israeli zilizotoka Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka zilitua Nairobi kutia mafuta. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu walipokuwa wakila na kusubiri mwaka mpya, bomu lililipuka Norfolk na kubomoa sehemu kubwa ya hoteli. Watu wapatao 20 waliuawa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Wengi waliamini kuwa kilikuwa kisasi cha Entebbe. Miongoni mwa walioumia walikuwamo Wakenya ambao ugomvi ule haukuwahusu hata kidogo.

Hoteli ilijengwa upya. Baadaye ilitoka katika umiliki wa jamaa ya Block, ikapita kwa kampuni ya Lonrho, na katika miaka ya 2000 ikaunganishwa na jina la Fairmont. Tangu hapo mwenye nyumba si mtu ambaye mgeni aweza kumwona mlangoni, ni makampuni.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba kila mmiliki wa Norfolk alikuwa mwenyeji kwa maana ya kwanza ya neno, na hapana hata mmoja wa waliotajwa aliyekuwa mwenyeji kwa maana ya pili. Historia ya hoteli kama hii aghalabu huandikwa kwa kuhesabu waliolala na waliokunywa humo. Ikiandikwa hivyo tu, waliotandika vitanda hutoweka, na waliouawa nje ya baraza hugeuka habari ya pembeni.

Mji wenyewe umekwisha kutoa jibu lake. Kwa miaka mingi baraza la Norfolk lilijulikana kwa jina la Lodi Delamere. Lakini barabara ipitayo mbele ya hoteli hiyo, ambayo kila mgeni hana budi kuipita ili aufikie mlango, huitwa Barabara ya Harry Thuku.