Leseni ya Kenya hudumu mwaka mmoja tu Uingereza

DEREVA aliyezoea kupenyeza tuktuk au pikapu baina ya mikokoteni ya mahamali, wanunuzi wa viungo na matatu za Digo Road, pale Marikiti, Mombasa, huamini kwamba hakuna barabara duniani itakayomshinda. Huenda asemayo ni kweli. Lakini akihamia ng'ambo, kinachomtatiza kwanza huwa si barabara bali kadi iliyo mfukoni mwake.

Wengi wanaohamia Uingereza hudhani kwamba, maadamu nchi zote mbili huendesha magari upande wa kushoto na sheria zetu za trafiki zina asili ya Kiingereza, leseni ya Kenya hubadilishwa kwa kujaza fomu tu. Sivyo. Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Kenya haimo, wala Tanzania, wala Uganda.

Anachopewa Mkenya ni muda. Mwenye leseni kamili ambayo haijaisha anaruhusiwa kuendesha gari dogo, yaani lisilozidi tani 3.5 na viti vinane vya abiria, kwa miezi 12. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku alipokuwa mkazi wa huko, na haianzi upya eti kwa sababu alikuja nyumbani kula Idi akarejea. Dereva wa lori hapewi hata muda huo: mkazi anayetaka kuendesha gari kubwa hana budi kufaulu mtihani wa huko kwanza.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Mwezi wa 13 unapoingia, dereva yule yule, katika gari lile lile, huwa anavunja sheria, na bima aliyoilipia huenda isimfae kitu. Adhabu ya kawaida ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na alama sita katika rekodi yake, na polisi wana mamlaka ya kulitwaa gari. Kwa Wakenya walioajiriwa kuwahudumia wazee majumbani, kazi ambayo mara nyingi haifanyiki bila gari, kupoteza ruhusa ya kuendesha kwaweza kuwa kupoteza kazi yenyewe.

Dawa ni kuanza mapema. Mgeni mwenye kibali cha kuishi Uingereza kwa muda usiopungua siku 185 anaweza kuomba leseni ya mwanafunzi kutoka DVLA, idara iliyoko Swansea. Kufikia 2025 ada yake kwa njia ya intaneti ilikuwa pauni 34. Akiipata kabla ya miezi 12 kwisha, bado anaruhusiwa kuendesha peke yake hadi muda huo utimie. Baada ya hapo atalazimika kubandika herufi L garini na kuketi na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyekuwa na leseni kwa miaka mitatu.

Mtihani wa nadharia una maswali 50, na anayetaka kufaulu sharti apate 43. Tangu Aprili 2014 hakuna tafsiri ya lugha za kigeni. Kisha huja sehemu ya video, ambapo mtahiniwa hubofya kila aonapo hatari ikianza kujitokeza barabarani. Aliyejifunza Kenya kwa kusukuma kigari juu ya ubao wa mji wa mfano hajawahi kuona jambo kama hili. Ningedhani dereva wa Marikiti, ambaye macho yake hayatulii, angepita bila jasho. Tatizo ni kwamba kompyuta humpa sufuri anayebofya ovyo, na kwa dereva huyo kila kitu ni hatari.

Mtihani wa barabarani huchukua takriban dakika 40, baada ya kusoma nambari ya gari lililo umbali wa mita 20. Kosa moja kubwa humwangusha mtu. Madogo yakizidi 15, vilevile. Wazoefu ndio huanguka kwa mazoea. Honi, ambayo kwetu ni salamu, onyo na tusi, huko haipigwi gari likiwa limesimama, isipokuwa kuna hatari, wala haipigwi mijini kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi. Aidha, tangu Januari 2022 kanuni za barabara humtaka dereva anayekata kona ampishe mtu anayesubiri kuvuka njia anayoingia. Foleni ya mtihani huu imekuwa ndefu tangu janga la korona la 2020, kwa hivyo anayeanza harakati mwezi wa kumi amechelewa.

Ghuba ni habari nyingine. Huko gari huendeshwa upande wa kulia. Dubai humpeleka mwenye leseni ya Kenya katika shule ya udereva, ingawa miaka ya uzoefu humpunguzia saa za masomo. Oman inajulikana kwa mtihani wa mapipa, ambapo dereva hurudi nyuma na kuegesha gari baina ya mapipa bila kuyagusa. Jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba Falme za Kiarabu ziliingizwa katika ile orodha ya Uingereza mnamo 2021. Mkenya aliyefaulu mtihani wa gari dogo Dubai, kisha akahamia London, anaweza kuibadilisha leseni hiyo katika miaka mitano ya kwanza ya ukazi.

Kuhusu kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho hapa nchini hutolewa na AA Kenya, kazi yake ni kuitafsiri leseni kwa msafiri. Hakimwongezei mkazi hata siku moja.

Anayejiandaa kuondoka na aitazame tarehe iliyo kwenye leseni yake angali Mombasa. Kadi za kisasa zilizoanza kutolewa na NTSA mnamo 2017 hudumu miaka mitatu, na ruhusa ya miezi 12 hukoma leseni ya Kenya inapoisha, hata kama ni mwezi wa pili tangu mwenyewe afike.