Saa ya Kungoja: Historia ya Wito wa Rubani wa Akiba

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wazee. Methali hii yautazama mlio na jambo liletwalo na mlio. Haimtaji mtu aliyekaa kimya akiungojea. Insha hii yamhusu mtu huyo, katika kazi iliyo changa katika historia ya wanadamu, yaani urubani wa ndege za abiria, na katika nchi ambayo mambo ya kazi hiyo yameandikwa kwa wingi, yaani Marekani. Swali lake ni fupi: saa ya kungoja wito ni mali ya nani? Ni ya mngojaji, au ni ya mwajiri wake? Jibu limetafutwa kwa muda wa karibu miaka 100, wala halijakamilika.

Kwanza yafaa tueleze rubani wa akiba ni nani. Kampuni ya ndege hupanga safari zake mwezi kwa mwezi, na marubani huchagua safari hizo kwa kufuata ukongwe kazini: aliyetangulia kuajiriwa hutangulia kuchagua. Wa mwisho katika orodha aghalabu huangukiwa na fungu lisilo na safari yoyote, bali lina siku za kungoja. Rubani mwenye safari akiugua, dhoruba ikichelewesha ndege, au mwenye zamu akifikia ukomo wa saa aruhusiwazo na sheria, ofisi ya zamu humwita wa akiba aijaze nafasi. Huyu hulipwa kima cha chini cha mwezi hata asiporuka sana. Lakini hajui kesho atalala mji gani. Pasipo yeye, mamia ya abiria wangekwama kiwanjani kwa mafua ya mtu mmoja.

Desturi hii haikuzaliwa angani, ilizaliwa relini. Katika karne ya 19 makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa na ubao wa majina ya watu wasio na garimoshi maalumu. Zamu ilipotokea, kijana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo alitumwa usiku kwenda kugonga mlango wa dereva au wa mchochea moto, akamwamsha, kisha akamtaka atie sahihi katika daftari asije akakana kuwa aliitwa. Kwa ajili hiyo iliwapasa watu wa reli wakae karibu na stesheni, mahali ambapo miguu ya kijana yaweza kufika upesi. Basi wito ule ulikuwa na mpaka, nao ni mwendo wa miguu. Tena ulikuwa na ushahidi, nao ni sahihi. Tuyashike mambo hayo mawili, maana mpaka na ushahidi ndiyo yaliyogombaniwa baadaye.

Katika siku za mwanzo za ndege za posta, watu wa akiba walikuwa wachache mno. Usiku wa tarehe 22 Februari 1921 Idara ya Posta ilijaribu kupeleka barua kutoka San Francisco mpaka New York bila ndege kusimama usiku kucha. Rubani Jack Knight aliupokea mzigo North Platte akaufikisha Omaha baada ya saa 7 za usiku. Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa iishe. Lakini rubani wa kumpokea hakuwapo, maana hali mbaya ya hewa ilikuwa imezuia safari za kutoka Chicago. Knight akaendelea mwenyewe katika njia ambayo hakupata kuiruka usiku, akiongozwa na ramani na mioto iliyowashwa chini, akafika Chicago asubuhi. Barua zilifika New York kwa saa 33 na dakika 20. Mkasa huo ulisifiwa kuwa ushujaa, na ushujaa ulikuwa. Lakini mwenye kufikiri ataona kuwa ulikuwa pia habari ya nafasi iliyokosa mtu, na ya mtu mchovu aliyeijaza.

Marubani waliunda chama chao mwaka 1931. Mwaka 1934 bodi ya serikali ya mashauri ya kazi ilikata kuwa rubani asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi, na mwaka 1936 sheria ya kazi ya reli ilipanuliwa iwahusu watu wa ndege. Hivyo urithi wa reli ukathibitishwa kwa maandishi. Lakini saa zilizohesabiwa katika uamuzi wa 1934 zilikuwa saa za kuruka. Rubani aliyekaa nyumbani siku nzima kando ya simu hakuandikiwa hata dakika moja. Simu ilikuwa imechukua mahali pa kijana wa reli, na urefu wa waya wake ukawa mpaka mpya: mngojaji aliweza kukaa mbali na kiwanja, ila hakuweza kukaa mbali na chumba chenye simu. Jamaa zake nao walifungwa pamoja naye, maana simu iliyoshikwa na mazungumzo ya wengine haiwezi kuleta wito.

Swali letu lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1944, likiletwa na watu wengine. Walinzi wa moto katika viwanda vya Fort Worth na Chicago walitakiwa kukaa kiwandani usiku wakingoja kengele, huku wakiruhusiwa kulala na kucheza karata. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba kungoja kwaweza kuwa kazi, na kwaweza kuwa si kazi. Yategemea mapatano na hali yenyewe. Ilikuwa hukumu ya hekima, lakini haikuwafaa marubani, kwa kuwa sheria ya malipo ya saa za ziada haikuwahusu watu wa makampuni ya ndege. Wao iliwabidi walitafute jibu lao katika mikataba na katika kanuni za usalama.

Kisha vyombo vikabadilika. Mwaka 1950 madaktari wa New York walianza kuchukua kidude kidogo cha mfukoni kilichopokea wito kwa redio. Kidude cha namna hiyo, peja, kiliwafikia marubani wengi katika miaka ya 1980. Na simu ya mkononi, iliyoanza kuuzwa kwa umma Chicago mwaka 1983, ikafuata. Rubani wa akiba sasa aliweza kwenda sokoni, kanisani, na kwenye michezo ya watoto wake. Kamba ilirefushwa. Lakini kamba ndefu ni kamba vilevile. Tena ile fupi ilikuwa na mwisho unaoonekana, na hii haikuwa nao. Mtu aliyeweza kufikiwa popote akawa mtu awezaye kufikiwa wakati wowote.

Hapo hoja ya mshahara ikageuka kuwa hoja ya usingizi. Kanuni za mwaka 1985 zilitaka rubani apumzike saa 9 kabla ya kuruka, zikiweza kupunguzwa hadi 8. Je, aliyelala huku simu i masikioni mwake, akipaswa kuiitika, amepumzika? Makampuni mengi yalijibu ndiyo. Mamlaka ya usafiri wa anga ilijibu siyo: mapumziko ni muda ujulikanao mbele, usiokatizwa, usio na wajibu wowote kwa mwajiri. Mnamo Juni 1999 ilitangaza kuwa itawashtaki wakaidi baada ya miezi sita. Mwaka 2000 ikafafanua kwamba saa zihesabiwe kwa jinsi siku inavyokwenda kwa kweli, si kwa jinsi ratiba ilivyotumaini. Chama cha makampuni kikashitaki, na mwaka 2002 mahakama ya rufani ya Washington ikakikatalia.

Yaliyobaki yaliharakishwa na msiba. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Nahodha alikuwa amelala katika chumba cha marubani kiwanjani Newark. Msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle. Wachunguzi walisema sababu ni jinsi nahodha alivyoishika ndege ilipoonya kuwa inapoteza uwezo wa kuelea. Wakaongeza kuwa yamkini uchovu uliwapunguzia marubani uwezo, ijapokuwa kiasi chake hakikupimika. Bunge lilitunga sheria mwaka 2010, na kanuni zake zikaanza kutumika Januari 2014.

Kanuni hizo zilimgawa mngojaji sehemu tatu. Angojaye kiwanjani huhesabiwa kuwa yu kazini tangu dakika ya kwanza. Wa wito wa karibu huwekewa muda wa kupatikana usiozidi saa 14, na nje ya muda huo hana wajibu wa kuitika. Wa wito wa mbali hupewa taarifa itakayomwachia mapumziko ya saa 10 kabla ya kuanza. Na kama kazi itaingia kati ya saa 8 za usiku na saa 12 alfajiri, taarifa ni saa 12 kabla. Katika mapumziko ya saa 10 pawepo nafasi ya kulala saa 8. Hata hivyo marubani wa ndege za mizigo mitupu waliachwa nje ya kanuni hizo, kana kwamba mzigo humpunguzia mtu haja ya usingizi.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni manung'uniko ya wafanyakazi tu, na kwamba kampuni haipotezi kitu. Desemba 2022 iliwajibu. Dhoruba ya baridi ilipovuruga safari za Southwest, mitambo ya kupanga zamu ilishindwa kufuatana na mabadiliko. Marubani na wahudumu walipiga simu ofisini wakangoja kwa saa nyingi ili waseme wapo wapi. Safari 16,900 zilifutwa. Watu walikuwapo, ndege zilikuwapo. Kilichokosekana ni wito wenye kumfikia mtu kwa yakini na kurudi na jibu lake. Sahihi ya daftari la reli ilikuwa imepotea katikati ya mitambo.

Tukiyakusanya haya, twaona kuwa hakuna chombo kilichompa mngojaji uhuru. Kijana wa reli, simu ya waya, peja na simu ya mkononi vyote vilimtumikia mwitaji kwanza. Kilichompa mngojaji saa yake ni mpaka ulioandikwa, ambao ndani yake simu yaweza kulia naye asiwe na kosa kwa kulala. Haki ya kuitwa kazini ni kongwe. Haki ya kutoitika ni changa, na abiria asiyeijua huruka kila siku chini ya ulinzi wake.